Namna ya Kuteleza Mawimbini Snapper Rocks Penye Msongamano

Snapper Rocks, katika Gold Coast nchini Australia, hufurika watelezaji wa mawimbi kwa ubao, hasa tangu mchanga unaosukumwa kwa mabomba kutoka mdomo wa mto Tweed ulipoanza, mwaka 2001, kurefusha mawimbi yake. Kwanza simama ufukweni utazame zamu zinavyokwenda. Aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki ya kuliteleza. Usimkatie njia, wala usimzunguke ili umtangulie. Ukijikuta mbele ya anayeteleza, piga makasia kwa mikono kuelekea kwenye povu la wimbi lililokwisha kuvunjika, hata kama litakupiga, na ubao usiuachie kamwe, kwani huumiza walio nyuma. Wenyeji wasalimu, uwaachie mawimbi ya mwanzo. Lakini anayetisha au kupiga wageni aripotiwe polisi, maana bahari ile ni ya umma.