Somo: Kuuza Chevelle SS ya mwaka 1970 iliyokarabatiwa

Anza na ushahidi kabla ya picha. Kuanzia mwaka 1969 Chevrolet, watengenezaji wa Chevelle, waliifanya SS (Super Sport, toleo lake lenye nguvu) kuwa nyongeza ya kuagizwa, hivyo namba ya chasisi ya gari la 1970 haithibitishi kuwa ni SS, tofauti na SS 396 (za injini ya inchi za ujazo 396) za mwaka 1966 hadi 1968 ambazo namba zake huanza na 138. Tafuta karatasi ya kiwandani, yaani orodha ya vifaa ambavyo gari liliagizwa navyo, ambayo mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za viti. Kisha piga picha ya namba zilizogongwa kwenye bloku, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria: CRV, kwa mfano, ni injini ya LS6 ya inchi za ujazo 454 yenye gia za mkono, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Sehemu hiyo ifute kwa kitambaa tu. Ukiipiga msasa, mistari ya mashine ya kiwandani itafutika, na mnunuzi mzoefu atadhani namba zimegongwa upya.

Pili, andika kila kilichobadilishwa: kabureta, kemshafti, mabati mapya, na mahali palipojazwa puti, kwani mkaguzi atapita na kipimo cha unene wa rangi. Ongeza video ya injini ikiwashwa ikiwa baridi.

Tatu, bei. Linganisha na magari yaliyokwisha kuuzwa. Matangazo ni matumaini ya wauzaji.

Nne, malipo. Nchini Marekani benki yaweza kukuruhusu kutumia fedha za hundi ambayo baadaye itabainika kuwa ya kughushi, kwa hiyo hati ya umiliki isainiwe mbele ya mhudumu wa benki iliyotoa hundi hiyo, au baada ya fedha kuhamishwa na benki yako kuthibitisha.

Swali: Mwalimu, injini yangu si ile gari lilitoka nayo kiwandani. Niifiche?

Jibu: Hapana, ndugu. Itangaze hivyo hivyo. Wapo wanaotaka gari la kuendesha, nao hawasumbuliwi na namba. Bei yake tu ndiyo itakuwa chini ya ile yenye injini yake.

Swali: Je, mnada unafaa?

Jibu: Unafaa kwa gari lenye karatasi kamili. Ila Barrett-Jackson, kampuni ya mnada wa magari ya Marekani, huuza mengi bila muuzaji kuweka kiwango cha chini cha bei, kwa hiyo ukumbi ukipoa gari linaondoka kwa bei iliyofikiwa, na kamisheni bado utakatwa.