Jinsi ya kuwanoa wafanyakazi wa maktaba bila kusubiri hela ya semina

Wakuu, mi nasimamia maktaba hapa Mwanza, na kwa miaka mingi nilidhani kumwendeleza mtumishi ni kumpeleka semina basi. Anaenda, anarudi na begi, biki na posho, ukimuuliza kajifunza nini anakwambia "ilikuwa nzuri sana bosi". Sa hivi tunafanya hivi.

Hatua ya 1. Usianze na dokezo la kuomba hela. Kaa kaunta siku mbili na daftari, andika kila swali la msomaji lililokwama. Kwetu wanafunzi wa chuo kule Malimbe walikuwa wakiulizia makala za majarida wanajibiwa "hatuna", kumbe kuna Research4Life, mpango wa majarida ya kitaaluma mtandaoni, taasisi inajisajili mnasoma bure au kwa bei ya chini, ila dada wa kaunta hakuna aliyewahi kumuonyesha. Sasa hapo kosa la nani?

Hatua ya 2. Tenga saa moja kila Ijumaa kabla hamjafungua, na anayefundisha asiwe wewe bosi. Mzee wetu wa stoo, darasa la saba, alitufundisha kushona mgongo wa kitabu na kupaka gundi isiyogandisha kurasa, watu wenye digrii wakawa wanaandika noti! Wiki nyingine kijana wa kompyuta akatupitisha kwenye Koha, programu ya maktaba ya bure iliyoanzia New Zealand (jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi), tukafunga nakala ya mazoezi pembeni ili mtu aharibu anavotaka bila kugusa katalogi yenyewe, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Hii ya nakala ya mazoezi msiiruke, manake watu wazima hawajifunzi wakiwa wanaogopa kuonekana hawajui. Na chukueni mifano ya kwenye rafu zenu, sisi Dewey (ule mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada) iliingia vichwani siku tuliyokuta riwaya zimechanganywa na vitabu vya sarufi, tukapanga upya wote: lugha ya Kiswahili 496.392, fasihi yake 896.392.

Hatua ya 3. Zungusha watu. Mtu kakaa kuazimisha miaka tisa, mpeleke kukatalogi hata mwezi mmoja. Watanuna, wavumilie.

Hatua ya 4. Anayetaka cheti au diploma ya SLADS, chuo cha ukutubi kule Bagamoyo, kaa naye mapema mpange ruhusa na nani atashika zamu zake. Kutoka huku ziwani Bagamoyo siyo Nyegezi ya hapa hapa Mwanza bana, mtu hawezi kwenda na kurudi, na ukimwambia "tutaona" mara tatu ujue hataomba tena.

Hatua ya 5. Semina ikitokea, aende, posho ni yake hatuiulizi, ila ndani ya wiki moja atuonyeshe kwa vitendo alichojifunza, siyo kutusomea slaidi.

Umeme ukikatika Ijumaa msiahirishe, siku hiyo fanyeni ya gundi na sindano.