Usisahau laini ya simu: jinsi ya kujificha mtandaoni ukiwa Nairobi

Natengeneza simu Luthuli Avenue. Juzi mama mmoja alinijia akilalamika kwamba simu yake haishiki mtandao. Simu ilikuwa nzima. Laini ndiyo iliyohamishiwa kadi nyingine, na pesa za chama zikaenda nayo. Tukafungua Facebook yake, tukakuta picha ya kitambulisho, ameiweka kwa furaha siku alipokipata. Namba ya simu ilikuwa kwenye tangazo lake la mitumba. Mwizi alibakiwa na kuunganisha tu.

1. Pitia ukurasa wako kwa macho ya mwizi. Kazi kubwa iko hapa, kwa hiyo tenga jioni nzima na urudi hadi posti ya kwanza. Usitafute siri, maana siri hukuziweka. Tafuta vipande: beji ya shule kwenye sweta ya mtoto, namba ya gari, ujumbe wa M-Pesa uliopigwa picha, roshani inayoonyesha geti na jina la ploti. Viandike kwenye karatasi. Ukiona karatasi hiyo inatosha kumfikisha mgeni mlangoni kwako, anza kufuta.

2. Zima mahali (location) kwenye mipangilio ya kamera, ile alama inayobaki ndani ya picha ikionyesha ulipoipigia. WhatsApp huondoa alama hiyo ukituma picha kwa kawaida, lakini ukiituma kama faili inabaki.

3. WhatsApp yenyewe: Mipangilio, Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili. Weka tarakimu sita, zisiwe siku yako ya kuzaliwa (nawajua!). Atakayekuandikia umtumie “code ya SMS iliyokuja kwako kimakosa”, hata akiwa shangazi yako, mpigie usikie sauti.

4. Sura za wengine, omba ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na ina meno: mwaka 2023 shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wasimamizi wa kurasa za makanisa, mnasikia?

5. Funga laini. Kwa Safaricom, bonyeza *100*100#. Baada ya hapo wakala wa mtaani hawezi kuibadilisha, sharti uende dukani kwao na kitambulisho. Kisha bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Yule mama alibonyeza akiwa amesimama kauntani kwangu. Alikuta mbili asizozijua.