Namna ya Kuusoma Mchoro wa Haraka wa Penseli wa Mchoraji wa Kiimpreshonisti

Mtu anayefunua kwa mara ya kwanza daftari la michoro la Claude Monet, mchoraji Mfaransa wa Kiimpreshonisti, mojawapo ya yale manane yanayohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Marmottan Monet mjini Paris, hukutana na mistari michache iliyopindapinda, na papo hapo hujiuliza: hiki ni kitu gani? Ningemshauri aliweke kando swali hilo kwa muda. Waimpreshonisti, yaani kundi la wachoraji wa Ufaransa wa karne ya kumi na tisa waliojaribu kunasa mwanga wa kitambo kimoja, na ambao maonyesho yao ya kwanza ya pamoja yalifanyika Paris mwaka 1874, mara nyingi walichora kwa penseli ili kuamua picha ikae vipi, si ili kueleza kila kitu kilichokuwa mbele yao.

Basi anza na ukingo. Tazama kama mchoraji amejipigia fremu ndani ya karatasi, mstari wa upeo, pale anga inapokutana na ardhi au maji, umepita juu au chini, na ni kitu gani kimekatwa pembeni. Monet alipokuwa akitayarisha picha za stesheni ya reli ya Saint-Lazare mjini Paris mwaka 1877, aliichora pia kwa penseli katika daftari lake, na ukizitazama kurasa za namna hiyo kama majaribio ya kutafuta mahali pa kusimama, mistari iliyoonekana ovyo huanza kupata kazi.

Kisha fuata uzito wa mkono, na hapa usiwe na haraka, kwa kuwa ndipo mchoro unaposema mengi zaidi. Mstari hafifu kwa kawaida ni wa kupapasa. Ule uliokolea huonyesha mahali ambapo mchoraji alirudi, akasisitiza au akasahihisha. Edgar Degas, mwenzake Monet katika kundi hilo, aliweza kuchora mguu wa mcheza dansi mara mbili au tatu bila kufuta, na msomaji hakosei zaidi kuliko anapochagua mstari mmoja na kuuita sahihi, kwa maana yote kwa pamoja ndiyo kumbukumbu ya jicho likitafuta. Vistari sambamba vya kivuli navyo vitofautishwe: vikilala upande mmoja kila mahali, huenda vinaonyesha tu mwendo wa kawaida wa mkono, lakini vikigeuka kufuata mviringo wa bega au mteremko wa kilima, hapo vinaeleza umbo. Wala usipuuze karatasi iliyoachwa tupu, kwani katika mandhari ya mto au bahari weupe huo mara nyingi ndio mwanga wenyewe.

Maandishi husaidia sana. Camille Pissarro, mchoraji mwingine wa kundi hilo, aliandika majina ya rangi juu ya baadhi ya michoro yake, ishara kwamba alikuwa akikusanya kumbukumbu za kutumia baadaye. Muhuri, hata hivyo, si saini ya mchoraji: kazi nyingi za Degas zilipigwa muhuri wa jina lake baada ya kifo chake mwaka 1917, zilipouzwa kwa mnada mwaka 1918 na 1919, kwa hiyo hauthibitishi kwamba yeye mwenyewe aliuona mchoro huo umekamilika.

Ukipata picha ya rangi inayofanana na mchoro, usikimbilie kusema kwamba mchoro ulitangulia, kwa sababu Monet aliwahi kuchora nakala za picha zake zilizokwisha kukamilika ili zichapishwe magazetini. Linganisha kilichohama: mti uliosogezwa, mtu aliyeondolewa, upeo ulioshushwa. Mabadiliko yakionyesha mchoraji bado anatafuta mpangilio, una sababu ya kudhani kwamba penseli ilitangulia; kila kitu kikiwa tayari mahali pake, shaka ibaki.

Mwisho, chukua penseli uunakili mchoro huo kwa ukubwa uleule, ukianza na mistari hafifu na kumalizia na iliyokolea. Pale mkono wako unapokwama, rudi kwenye mchoro wa asili uangalie upya, kwa maana huenda mstari ulioudhania kuwa ukingo wa jani ni kivuli kilichoangukia maji.