Pikipiki mpya zinapanda bei, zilizotumika hazipandi: namna ya kupanga bei na kukagua

Boxer, TVS na Hero nyingi zinazobeba abiria Tanzania hutoka India, na pikipiki za aina nyingine nyingi hutoka China. Dola ikipanda, bei ya dukani inapanda, na spea nazo zinafuata. Ungetarajia na iliyotumika ipande. Mara nyingi haipandi, na anayejua sababu yake hununua vizuri.

Sababu kubwa ni mkataba. Mtu asiye na mtaji anaweza kuondoka na pikipiki mpya kwa kutoa hesabu ya kila siku, lakini iliyotumika lazima ailipe taslimu. Kwa hiyo wateja wa mitumba ni wachache. Isitoshe, mpya zikiwa ghali watu huchelewa kubadilisha, na pikipiki inafika sokoni ikiwa imekwisha chakaa. Ya bodaboda inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, imefikisha 30,000 kabla ya mwaka wa pili kuanza.

Hapo ndipo muuzaji na mnunuzi wanaposhindwa kuelewana. Tuseme pikipiki inauzwa 3,200,000 taslimu. Aliyeichukua kwa hesabu ya 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 78, ametoa 4,680,000. Akiuza anahesabia hiyo milioni nne na ushee. Wewe usiihesabu, ile 1,480,000 ya juu ilikuwa gharama ya kukopa, haimo kwenye injini.

Anza na bei ambayo pikipiki safi ya aina hiyo na mwaka huo inauzwa taslimu kwenye vijiwe vitatu au vinne vya mtaani kwako. Toa gharama ya matengenezo kwa bei ya spea ya wiki hii, kwa sababu ya miezi sita iliyopita imeshapitwa. Kisha toa siku ambazo itakaa kwa fundi bila kuingiza kitu. Kwa mfano: safi ni 1,700,000, pistoni, ringi, bloku na ufundi 200,000, tairi la nyuma 70,000, cheni na spoketi zake 45,000, siku tatu za kazi 60,000. Unabaki na 1,325,000, na hiyo ndiyo juu kabisa. Fungua mazungumzo chini yake.

Ukaguzi fanya asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa bloku kwa mkono. Ikiwa ya moto, ameipasha ili usione shida ya kuwaka. Rudi siku nyingine.

Washa kwa kiki, hata kama ina stata. Kiki ikishuka laini mno bila ukinzani, kompresheni imepungua. Kisha tazama moshi. Wa bluu unaotoka mara tu baada ya kuwaka kisha ukakata ni sili za valvu, kazi ndogo. Wa bluu unaoendelea kila unapovuta mafuta ni ringi na bloku. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa: anza na kichujio cha hewa, kisha kabureta. Moshi mweupe mwepesi wa asubuhi ya baridi unaopotea injini ikipata moto ni mvuke tu. Injini hizi hupoozwa kwa hewa, hazina maji ya kuvuja.

Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha oili. Moshi ukisukumwa nje kwa mapigo, ringi zimekwisha. Angalia pia uzito wa oili. Wapo wanaoweka nzito kupita kiasi ili kuficha moshi na kelele kwa siku mbili za kuuza. Ukiisikia nzito isivyo kawaida, omba ibadilishwe mbele yako na 20W-50 ya kawaida, kisha sikiliza upya. Injini hizi hubeba lita moja na kidogo tu, kwa hiyo dereva aliyeacha oili ipungue ameshaila injini. Kelele nyepesi juu ni valvu zinazohitaji kupimwa. Kelele ya cheni upande ni taimingi. Mlio mzito wa kugonga chini, unaoongezeka ukivuta mafuta, ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na shafti: kama hujaweka bajeti ya kufungua injini yote, iache.

Mita ya kilomita usiiamini. Kebo yake hukatwa kirahisi. Soma raba za kukanyagia, pedali ya gia na rangi ya tangi pale magoti yanaposugua.

Fremu ndiyo inayosahaulika. Mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja kwa pamoja, na magunia huvunja sehemu ya nyuma, karibu na vishikio vya shokapu na kerea. Tafuta mstari wa kuchomelea uliofunikwa na rangi mpya. Kisha simamisha pikipiki wima, usukani ukiwa umenyooka, na vuta uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, upande mmoja kisha wa pili. Boxer BM150 ina 3.00-17 nyuma na 2.75-17 mbele, hivyo uzi ukigusa kingo za tairi la nyuma, mbele unabaki mwanya wa milimita 3 hivi kila upande. Upande mmoja ukiwa na mwanya na mwingine ukigusa, kaza kwanza cheni sawasawa pande zote mbili na upime tena. Ikibaki vilevile, imepinda. Kwa cheni, ivute nyuma kutoka kwenye spoketi kubwa: ikifunua zaidi ya nusu ya jino, badilisha cheni na spoketi zote mbili pamoja, maana cheni mpya juu ya spoketi kuukuu haidumu.

Karatasi ndizo zinazoshusha bei kuliko injini. Taka kadi halisi ya usajili, kopi haitoshi. Mara nyingi kadi hubaki kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, au kampuni hadi mkataba umalizike, na dereva anauza kisicho chake. Linganisha namba ya chesisi, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini, herufi kwa herufi. Papasa kwa kidole: palipochubuliwa kwa msasa panahisiwa. Jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayeuza. Angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya usajili. Andikieni mkataba wa mauziano kwa wakili, na bakisha sehemu ya pesa hadi jina lihamishwe TRA, mamlaka ya mapato.

Kama wewe ndiye muuzaji, rangi mpya usipake. Mnunuzi mwerevu atauliza inaficha nini. Hamisha kadi iwe kwa jina lako, badilisha cheni ikiwa imekwisha, na weka risiti za spea mkononi. Injini ambayo haijafunguliwa iseme wazi, maana hiyo ndiyo inayotafutwa.