Silent Night kwa sauti nne: namna ya kuipanga bila kuiua

Desemba ikikaribia kila mwalimu wa kwaya anataka Silent Night ya kwake (ule wimbo wa Krismasi), na wengi wanajaza mbwembwe mpaka watu hawana pa kupumulia. Mi nasema fuata ulivyoimbwa mara ya kwanza. Ilikuwa 24 Desemba 1818 kule Oberndorf, Austria: padri Joseph Mohr anapiga gitaa huku anaimba sauti ya tatu (tena), Franz Gruber aliyetunga muziki anaimba ya nne (besi), kwaya inarudia tu mistari ya mwisho. Basi!

Kwa hiyo ubeti wa kwanza wape sauti ya kwanza na ya pili tu (akina mama), Doh ni C, gitaa taratibu. Herufi ninazoandika ni sol-fa, d ni doh, r ni re, m ni mi, f ni fa, s ni sol, l ni la, t ni ti, na yenye alama ' ni ya juu. Ya kwanza wakiimba s l s m, ya pili wako m f m d, na kwenye l l d' t l wao f f l s f, yaani wanatembea pamoja mwanzo mwisho. Wanaume waingie pale r' r' f' r' t. Besi usiwatese, mwanzo wanakaa d, kwenye r' r' t wanaenda s, kwenye l l d' wanahamia f halafu wanarudi nyumbani d.

Ubeti wa pili wote wanne, zima vyombo kabisa.

Wa tatu ndo utamu wenyewe. Mpiga kinanda agonge kodi ya A7 mara moja anyamaze, Doh sasa ni D (ndo kii, yaani ufunguo, aliyotumia Gruber), na wimbo wenyewe, ile tyuni ya sauti ya kwanza, wape sauti ya tatu, kwenye C ile d ya mwisho iko chini sana kwao wanapotea. Karatasi huandiki upya, si sol-fa hiyo, nota ni zilezile. Akina mama juu wanaimba "uu" tu: ya kwanza washike s, ikifika l l d' wapande l, ya pili m, wakisikia besi wamehama d, iwe f au s, wao waende f.

Mapigo ni 6/8, yanabembea kama unabembeleza mtoto, kwa hiyo zile rizimu za kinanda, midundo inayojipiga yenyewe, achana nazo jamani. Na mazoezi anzia pale kwenye m' ya juu, maana hapo ndo watu wanapayuka, waimbe kwa sauti ndogo kwanza mpaka wazoee, ndo urudi mwanzo.