Kukusanya postikadi za zamani na kufukua hadithi zilizo mgongoni mwake

Postikadi ya zamani ina tarehe tatu: siku picha ilipopigwa, mwaka kadi ilipochapwa, na siku ilipotiwa kwenye sanduku la posta. Muuzaji hukutajia moja tu, mara nyingi ile ya muhuri, kana kwamba ndiyo umri wa kila kitu. Lakini picha inaweza kuutangulia muhuri kwa miaka kumi au zaidi, maana wachapishaji walizoea kurudia picha ile ile mpaka soko liichoke. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuzitenganisha tarehe hizo. Ukishazitenganisha, kadi huanza kusema yenyewe.

Hatua ya 1: Amua unatafuta nini

Kati ya mwaka 1900 na vita vya kwanza vya dunia, postikadi zilitumwa kwa mamilioni. Ukinunua kila inayokupendeza utaishia na sanduku la picha zisizohusiana. Chagua mkondo: mji mmoja, stesheni za reli, meli, mchapishaji mmoja. Mpiga picha wa Marekani, Walker Evans, alikusanya kadi zipatazo 9,000 na kuzipanga kwa mada. Leo ziko Metropolitan Museum of Art, New York. Nyingi ni za mitaa ya kawaida kabisa ambayo watalii hawakuijali.

Mimi hufuata mkondo mwingine, nao ni kadi zilizotumwa kwa mtu mmoja. Ni mgumu zaidi, lakini ndio wenye hadithi. Ugumu wake unatokana na tabia ya wauzaji kubomoa albamu ya familia na kuzipanga kadi kwa majina ya miji, kwa kuwa wateja wengi huulizia miji. Hapo mawasiliano ya miaka mingi yanasambaratika kwa dakika chache. Kwa hiyo ukipata kadi yenye ujumbe mzuri, usiondoke bila kuuliza: una nyingine zenye anwani hii hii? Kama muuzaji bado yupo kwenye kupanga, unaweza kuokoa bunda zima.

Hatua ya 2: Zana

Unahitaji kikuza cha mara kumi, rula ya milimita, tochi ndogo, penseli laini ya 2B na skana. Glavu za pamba sizipendi. Zinakunyima hisia za vidole na hapo ndipo pembe hukunjika. Nawa mikono, ikauke vizuri, kisha shika kadi kwa kingo.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kulipa

Tazama pembe nne, halafu mulika tochi kwa ubavu ili mikunjo ijitokeze. Gundi ya utepe ni adui mbaya kuliko mkunjo, kwa sababu inaendelea kuila karatasi hata baada ya utepe kutoka. Tazama pia kama stempu imebanduliwa. Wakusanyaji wa stempu walifanya hivyo sana, na stempu ikiondoka huondoka na nusu ya muhuri, yaani na tarehe.

Weka kikuza juu ya picha. Ukiona vitone vilivyojipanga, hiyo imechapwa kwa mashine. Rangi ikiwa laini bila vitone hata kwenye vivuli, huenda ni fotografia halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya postikadi. Hizi zilishamiri baada ya Kodak kutoa kamera yake ya 3A mwaka 1903, ambayo filamu yake ilikuwa na ukubwa wa postikadi. Mpiga picha wa kijijini aliweza kutengeneza nakala chache tu za harusi au mafuriko, na ndiyo maana kadi kama hizo huwa adimu kuliko makanisa makuu na minara maarufu.

Kwa kadi bandia, tumia taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Karatasi nyingi za baada ya vita vya pili vya dunia zina kemikali ya kung'arisha weupe, nazo huwaka rangi ya samawati chini ya taa hiyo. Kadi inayodaiwa kuwa ya 1905 haipaswi kuwaka. Ukinunua kupitia mtandao, dai picha ya mgongo. Muuzaji anayeonyesha mbele tu anakuuzia nusu ya kadi.

Wengi hulipa zaidi kwa kadi safi isiyoandikwa. Mimi naichukua iliyoandikwa, hata kama pembe zimelika.

Hatua ya 4: Tafuta umri

Anza na mgongo. Postikadi rasmi ya kwanza ilitolewa na Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, nayo haikuwa na picha. Uingereza ilifuata mwaka 1870 na Marekani 1873. Picha zilipoingia, mgongo wote ulikuwa wa anwani tu, na mwandishi alilazimika kubana maneno yake pembeni mwa picha. Ukikuta maandishi yamejazana angani juu ya mnara, usidhani mtu alikosa adabu. Posta haikumpa nafasi nyingine.

Mstari wa kuugawa mgongo, kushoto ujumbe na kulia anwani, uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902, Ujerumani 1905, na Marekani tarehe 1 Machi 1907. Kwa kuwa si kila nchi iliukubali pamoja, baadhi ya kadi za Uingereza za miaka hiyo zina onyo lililochapwa kwamba nafasi ya ujumbe ni kwa barua za ndani ya nchi tu. Onyo hilo pekee linakuweka kwenye dirisha la miaka michache.

Kwa kadi za Marekani, mtindo wa uchapaji unasaidia sana. Wajerumani ndio waliokuwa mabingwa wa kuchapa kadi za rangi, na vita vilipokata biashara hiyo, wachapaji wa Marekani walishika soko kwa kadi zenye ukingo mweupe, takriban 1915 hadi 1930. Baada yake zikaja zenye uso wa mikwaruzo kama kitambaa cha kitani, kisha kuanzia 1939 zile za kung'aa za picha ya rangi. Kampuni ya Curt Teich ya Chicago ilituachia zawadi: namba ya kadi zake nyingi inataja mwaka. Herufi A ni miaka ya 1930, B ni ya 1940, C ni ya 1950, na tarakimu iliyotangulia herufi ni mwaka ndani ya muongo huo. Namba inayoanza na 5A-H ni ya 1935.

Kwa fotografia halisi, angalia kisanduku cha stempu. Karatasi ya AZO (jina la aina ya karatasi ya fotografia, huchapwa kwenye kisanduku hicho) yenye pembetatu nne zinazoelekea juu kwa kawaida ni ya 1904 hadi 1918. Mbili zikielekea juu na mbili chini, ni ya 1918 hadi 1930.

Kisha stempu. Uingereza ilitoza nusu peni kwa postikadi mpaka tarehe 3 Juni 1918, ilipopanda kuwa peni moja. Marekani ilitoza senti moja, ikapandisha kuwa senti mbili Novemba 1917 kwa sababu ya vita, ikashusha tena katikati ya 1919.

Tuseme unayo kadi ya gati la matembezi la Blackpool, mji wa pwani wa Uingereza. Stempu ni nusu peni ya kijani yenye kichwa cha Mfalme Edward wa Saba, kwa hiyo tuko kati ya 1902 na miaka michache baada ya kifo chake mwaka 1910. Muhuri unasoma 11 Agosti, saa mbili na robo asubuhi, ila tarakimu ya mwisho ya mwaka imelowa: ni 3 au 8. Mwandishi ameanza na neno "Jumanne". Unafungua kalenda ukiamini umeshaipata, unakuta tarehe 11 Agosti iliangukia Jumanne mwaka 1903 na vilevile 1908. Sasa rudi kwenye stempu. Nusu peni ya Edward ilianza ikiwa kijani cha kuelekea buluu, na mwishoni mwa 1904 ikabadilishwa kuwa kijani cha kuelekea manjano. Ya kwako ni ya manjano, basi mwaka ni 1908. Fanya ulinganisho huo mchana karibu na dirisha, kwa sababu taa za ndani hudanganya, na hakikisha stempu haikupauka.

Hatua ya 5: Soma ujumbe kama ulivyo

Skani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi au zaidi. Kwenye programu ya picha, tazama rangi moja moja: nyekundu peke yake, kijani peke yake, buluu peke yake. Mara nyingi wino wa mwandishi hufifia katika mojawapo na muhuri ukabaki wazi, au kinyume chake.

Nakili neno kwa neno, makosa na vifupisho vikiwemo, usisahihishe tahajia. Zungusha kadi, kwa sababu watu waliendelea kuandika pembeni na hata juu chini nafasi ilipoisha. Wengine walitumia hati mkato ya Pitman au maandishi ya kusomwa kwenye kioo, maana postikadi haina bahasha na tarishi ana macho. Tafuta alama ya X kwenye picha: kwa kawaida ni "chumba changu ni hiki". Kuhusu stempu iliyobandikwa upande upande, ni kweli kulikuwa na lugha ya stempu na kadi za kuifundisha ziliuzwa, lakini tafsiri zilitofautiana kutoka kadi moja hadi nyingine. Usijenge hadithi ya mapenzi juu ya stempu iliyopinda.

Turudi kwa ile kadi ya Blackpool. Tuseme imeandikwa: "Jumanne. Tutafika kwa treni ya saa kumi na mbili leo jioni. Mama asihangaike na chakula. Alfie bado anakohoa." Imeenda mji wa Bolton, haina jina la mwandishi. Mtu ametuma kadi asubuhi akiwa na hakika itamtangulia jioni ile ile, na hakukosea kuamini hivyo, kwa kuwa miji ya Uingereza ilipelekewa barua mara kadhaa kwa siku. Neno "bado" linasema kulikuwa na kadi au barua kabla ya hii, itafute. Kutojitaja jina kunasema hati yake ilijulikana nyumbani. Na "mama" ni wa nani, wa mwandishi au wa mwandikiwa, au wote wawili? Swali hilo liandike kwenye daftari, usilijibu kwa kubahatisha.

Kadi za vita zinasomwa kwa namna nyingine. Jeshi la Uingereza katika vita vya kwanza lilikuwa na kadi iliyochapwa sentensi tayari, kama vile mimi ni mzima, au nimelazwa hospitali. Askari alikata zisizohusika, akaweka saini na tarehe. Akiongeza neno lolote, kadi iliharibiwa. Hapo ujumbe ni mstari alioacha bila kuukata.

Hatua ya 6: Wafuate watu

Anza na anwani, jina lifuate. Majina yanafanana, na binti akiolewa hubadilisha la kwake, nyumba haihami. Sensa ya Uingereza na Wales hufunguliwa baada ya miaka 100, kwa hiyo zile za 1911 na 1921 zinasomeka. Marekani hufungua baada ya miaka 72, na ya 1950 ilifunguliwa mwaka 2022. FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, ni bure, magazeti ya zamani ya Marekani yapo kwenye mkusanyo wa mtandaoni wa Chronicling America, na askari wa Uingereza na makoloni yake waliofariki katika vita vya dunia wamo kwenye orodha ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi yao.

Ukikwama, wakati mwingine tatizo si wewe. Sensa ya 1931 ya Uingereza na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, na mafaili mengi ya askari wa Uingereza wa vita vya kwanza yaliungua London kwa mabomu mwaka 1940.

Kanuni yangu ni kwamba siunganishi kadi na mtu mpaka vitu viwili visivyotegemeana vikubaliane, kwa mfano anwani na jina la mtoto. Jina peke yake halitoshi hata likiwa la ajabu kiasi gani.

Hatua ya 7: Hifadhi

Tumia mifuko ya poliesta au polipropilini. Ile ya PVC hutoa kemikali na kunata. Simamisha kadi kwenye sanduku la karatasi isiyo na asidi, mbali na jua, joto na unyevu. Usiweke laminesheni wala gundi. Maji pia usijaribu, wino wa zamani hutawanyika papo hapo.

Hatua ya 8: Andika rekodi na ushirikishe wengine

Ipe kila kadi namba, iandike kwa penseli kwenye mfuko badala ya kadi yenyewe. Kwenye rekodi weka zile tarehe tatu katika safu tatu, na kando ya kila moja andika umeipataje: muhuri, namba ya mchapishaji, mavazi kwenye picha. Ongeza ulinunua wapi na kadi zipi zilikuwa sanduku moja nayo. Taarifa hiyo ukiipoteza leo huipati tena.

Ukitaka kuweka kadi mtandaoni, kumbuka kuimiliki kadi si kumiliki haki za picha wala za maneno. Katika nchi nyingi haki hizo hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mpiga picha au mwandishi. Kadi za 1908 mara nyingi hazina tatizo, ila za miaka ya 1960 zinataka uangalifu, kwa sababu waliotajwa wanaweza kuwa hai: funika anwani na majina, na habari za ugonjwa au madeni ziache. Ndugu wa mwandikiwa akijitokeza, mpe skani yenye ubora kamili bila kumtoza kitu, kisha muulize kama nyumbani kwao kuna kadi nyingine.